Telki inavunjika farasi wakishafika Kanda ya Ziwa: chama kinachoanza kishike nini kwanza?

#1 Katibu_Mtarajiwa
Wakuu, salaam. Tunaandaa kikao cha kuunda chama cha wafugaji wa farasi wa telki, ule mwendo laini wa mapigo manne, huku kwetu: Mwanza, Misungwi, Magu, na Sengerema pia maana Daraja la Kigongo–Busisi limetuunganisha. Ajenda niliyoandika ina mambo manne: daftari la ukoo, ukaguzi wa mwendo kila mwaka, chanjo ya pamoja na mafunzo kwa watunzaji.

Tatizo linalozungumzwa kila mahali ni moja. Chotara wanaoletwa kutoka Kaskazini wanafika na telki safi, mapigo manne yaliyopangana, mpandaji ametulia juu ya tandiko. Ukipita msimu mmoja wa mvua, mwingine anaenda matiti, mguu wa mbele wa upande mmoja ukinyanyuka pamoja na wa nyuma wa upande wa pili, mwingine anaenda mwendo wa ngamia, miguu ya upande mmoja ikinyanyuka pamoja. Msimamo wangu ni kwamba chama kisiandikishe farasi yeyote kabla hajapimwa mwendo akiwa hapa hapa. Lakini kwanza nisaidieni: telki inavunjwa na nini?

#2 Fundi_Kwato
Kwato, mkuu. Ukwato unakua karibu sentimita moja kwa mwezi. Ukimwacha wiki kumi bila kumkata, ncha ya mbele inarefuka, mguu unachelewa kunyanyuka, na mpangilio wa mapigo yote manne unasogea. Huku kuna jambo la pili: mawe. Farasi asiye na viatu akitembezwa kwenye miamba ya granaiti upande wa Igombe, ukwato unalika upande mmoja kuliko mwingine. Tofauti ya milimita tatu kati ya upande wa ndani na wa nje inatosha kumfanya atafute mwendo mwingine unaomuuma kidogo.

Utaratibu: kata kila wiki sita, usivuke nane. Safisha chini kwa kisu, pima urefu wa ncha kwa rula kuanzia kwenye mstari wa nywele, andika. Mguu wa kushoto na wa kulia lazima vilingane. Kisha piga tupa ncha kwa mviringo ili mguu unyanyuke kirahisi. Usiguse visigino kama hujui unachofanya.

#3 Msomi_wa_Jeni
Kwato zina sehemu yake, lakini tuanzie ndani ya damu. Mwaka 2012 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa watu wa Uswidi na wenzao juu ya jeni inayoitwa DMRT3. Farasi wenye mwendo wa pembeni, kama telki, wana mabadiliko kwenye jeni hiyo, yanayokatisha protini kabla haijakamilika. Jeni yenyewe inafanya kazi kwenye uti wa mgongo, kwenye mishipa ya fahamu inayoratibu miguu. Kwa farasi wa Iceland, wenye nakala mbili za mabadiliko hayo, yanayoandikwa A (yaani AA), ndio wanaotoa telki yao, tölt, pamoja na ule mwendo wa ngamia wa kasi. Wenye nakala moja (CA) kwa kawaida wanatoa tölt bila huo mwendo wa ngamia, na matiti yao ni mazuri zaidi.

Sasa hawa chotara wetu baba ni wa telki, mama ni farasi wa kawaida. Karibu wote watakuwa CA. Akichoka, akikaa bila kazi, anarudi kwenye matiti kwa sababu matiti anayo. Hakuna kilichovunjika, mkuu Katibu.

#4 Ngosha_wa_Magu
Mmeruka ardhi. Ukitoka Kisesa kuja huku Magu unakanyaga luseni, mchanga mlaini, halafu unaingia mbuga, udongo mweusi. Kwenye mchanga mzito farasi analazimika kuinua miguu juu, na akiinua sana anaangukia kwenye matiti. Kwenye barabara ya changarawe iliyoshindiliwa ni kinyume: anateleza tu chini chini, na mwenye asili ya AA anaingia mwendo wa ngamia. Farasi ni wale wale, barabara ndiyo inayobadilika. Mbuga ikilowa ndiyo balaa kabisa, inanasa kwato mpaka mnyama anajikwaa.

#5 Daktari_wa_Kanda
Kabla hamjafika kwenye jeni wala barabara, jiulizeni kama huyo farasi ni mzima. Mwendo uliobadilika ghafla ni kilema mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Huku kwetu cha kwanza kushuku ni chakula. Farasi wanalishwa pumba za mpunga kwa sababu mashine za kukoboa zipo kila mahali, na mabingobingo kwa sababu yanaota pembeni ya maji. Kilo moja ya pumba za mpunga ina fosforasi gramu 15 hivi na kalisi kama gramu moja. Farasi anataka kalisi iwe juu ya fosforasi, walau moja na nusu kwa moja. Mabingobingo na majani ya setaria nayo yana oksaleti inayofunga kalisi tumboni isifyonzwe. Mwili unachota kalisi kwenye mifupa. Matokeo: hatua fupi, kilema kinachohama leo mguu huu kesho ule, na mwishowe mifupa ya uso inavimba juu ya magego.

Kila kilo ya pumba za mpunga iongezewe gramu 40 za chokaa ya mifugo, na hapo kalisi imelingana tu na fosforasi, bado hujafika kunakotakiwa. Chokaa ya kupaka ukuta ni marufuku, inaunguza. Ni bora upunguze pumba, ulete majani makavu ya aina nyingine au jamii ya kunde. Na msitegemee kipimo cha damu peke yake: kalisi ya damuni inabaki sawa kwa sababu mifupa inalipia. Fosforasi ya mkojoni ndiyo inayosema.

#6 Mwanaisha_wa_Unguja
Daktari ahsante, hilo la mkojo wengi hawalijui. Mimi naongeza tandiko. Farasi wa telki bega lake linarudi nyuma sana kila hatua. Tandiko likiwekwa mbele, mfupa wa bega unagonga, anafupisha hatua ya mbele na telki inakufa hapo hapo. Weka tandiko juu ya mabega, lisukume nyuma mpaka likae lenyewe, halafu pitisha kiganja kati ya tandiko na mfupa wa bega. Ukimaliza safari angalia jasho mgongoni: alama kavu katikati ya eneo lililolowa ndipo panapobana.

Na uzito. Mpandaji pamoja na tandiko visizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Unguja punda wa Maskati walikuwa kipando cha wenye nacho, na watu wale walijua kuwa telki ya mnyama inatunzwa na anayekaa juu yake.

#7 Ngosha_wa_Magu
Dada Mwanaisha, farasi wa kijijini utampimaje uzito? Mzani wa mnadani ni wa ng'ombe, farasi akiuona anarusha mateke.

#8 Mwanaisha_wa_Unguja
Kwa futi kamba ya fundi cherehani, kaka Ngosha. Mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, zidisha kwa wenyewe, zidisha kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, gawanya kwa 11,880. Vipimo vyote kwa sentimita, jibu linakuja kwa kilo. Kifua 165 na urefu 145 inatoa kilo 332. Huyo mzigo wake mwisho ni kilo 66. Sasa wewe na ugali wa Usukuma, mtafutie kijana mwembamba.

#9 Fundi_Kwato
Narudi #3. Msomi, Standardbred wa Marekani karibu wote ni AA, wa mbio za matiti na wa mbio za mwendo wa ngamia pia. Jeni ni ile ile, miendo miwili. Kama jeni ndiyo mwamuzi, hilo unalieleza vipi?

#10 Msomi_wa_Jeni
Hoja nzuri. AA inafungua mlango, haisemi atapita vipi. Jeni nyingine, mafunzo na umbo la mwili vinaamua kilichobaki. Ila nakusahihisha kwa upande wa pili: farasi asiye na hata A moja, ambaye ni CC, hata umkate kwato kwa rula ya dhahabu, telki ya kudumu kwa kawaida huipati. Kwa hiyo chama kipime. Nywele za shingoni 20 hadi 30, zing'olewe na mizizi yake, zisikatwe kwa mkasi, ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki unatunza unyevu na kuozesha mizizi. Nywele hizo hizo zinathibitisha wazazi, kazi mbili kwa bahasha moja.

#11 Mtoto_wa_Kirumba
Na wale wadudu wa ziwani wanaopanda angani kama moshi, si ndio wanaoleta ule ugonjwa unaoua farasi kwa siku moja? Pengine telki inavunjika kwa sababu farasi wanaugua chini chini.

#12 Daktari_wa_Kanda
Hapana, mdogo wangu. Wale wa ziwani hawaumi. Tauni ya farasi inaenezwa na usubi, wadogo kuliko mbu, na wanazaliana kwenye tope lenye samadi. Ziwa halina kosa. Kosa ni la bomba la hori linalovuja pembeni ya banda.

Tauni hii ina aina tisa za virusi. Chanjo hai ya Onderstepoort, Afrika Kusini, ina chupa mbili, zinachomwa kwa kuachana wiki tatu au zaidi, kila mwaka. Aina ya 5 na ya 9 hazimo ndani yake, kwa hiyo chanjo haiondoi haja ya banda. Ibaki kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 njiani kote, na ikishachanganywa itumike siku hiyo hiyo. Baada ya kila sindano farasi afanye kazi nyepesi wiki mbili. Akilazimishwa kukimbia hapo katikati, akapata homa, akafupisha hatua, mtasema telki imevunjika. Pundamilia wanabeba virusi bila kuugua, na Serengeti iko jirani, kwa hiyo msifikiri ugonjwa utatusahau. Ingizeni farasi bandani kabla jua halijazama, watoke jua likishapanda. Chandarua cha kawaida usubi anapenya, lazima kiwe kimetiwa dawa.

Kinachoweza kula telki taratibu ni ugonjwa wa kupe, *Theileria equi*. Farasi anachoka, fizi zinapauka au kuwa za njano, hana nguvu ya kubeba mgongo. Damu ipelekwe maabara ya mifugo ya serikali, TVLA, hapa Mwanza, msikisie.

Na hili nawaomba liandikwe kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa chama: dawa ya josho ya ng'ombe yenye AMITRAZ ISIMGUSE FARASI, inasimamisha matumbo. Chakula cha kuku au cha ng'ombe chenye MONENSIN ASILE, kinaua moyo. Mahindi yenye ukungu vilevile, yanaharibu ubongo. Duka la pembejeo linauza vyote hivyo rafu moja.

#13 Ngosha_wa_Magu
Daktari, na mbung'o je? Wazee wanasema huku farasi hakukaa kwa sababu ya ndorobo.

#14 Daktari_wa_Kanda
Mbung'o yupo kwenye mapori ya upande wa Geita na Biharamulo, na nagana, ugonjwa anaoueneza, inammaliza farasi. Ila msimtwike mbung'o kila kitu. Pwani ya Mwanza yenyewe imeshafyekwa na kulimwa. Dawa za nagana za ng'ombe msimchome farasi kwa dozi ya ng'ombe bila daktari, baadhi zinamdhuru.

#15 Katibu_Mtarajiwa
Nashukuru. Sasa nipeni namna ya kupima mwendo bila ubishi. Siku ya ukaguzi kila mwenye farasi ataapa kuwa wake ana telki.

#16 Mama_Kayenze
Tumieni mchanga wa ufukweni, ule uliolowa na kushindiliwa na mawimbi. Chora njia ya mita 30 kwa mita 3, ipige reki mpaka iwe laini kabisa. Farasi apite mara ya kwanza kwa hatua za kawaida, reki tena, apite kwa telki. Chukua futi kamba, pima kutoka ncha ya alama ya mguu wa mbele mpaka ncha ya alama ya mguu wa nyuma wa upande ule ule. Tennessee Walking Horse, farasi wa telki wa Marekani, kwenye mwendo wake wa running walk mguu wa nyuma unapita wa mbele kwa sentimita 15 hadi 45. Akikanyaga juu ya alama yake au nyuma yake, hatua ni fupi, chunguza. Pima alama sita mfululizo kila upande. Kushoto na kulia vikitofautiana, peleka kwa Fundi na Daktari kabla ya kuandika alama yoyote. Fanyeni asubuhi, mchanga ukikauka juu kingo za alama zinabomoka na kipimo kinakuwa cha uongo.

#17 Mzee_wa_Lijamu
Mama Kayenze, hapo kwenye kulinganisha kushoto na kulia nakubali kabisa. Lakini mchanga unaonyesha mguu ulitua wapi, hauonyeshi ulitua lini. Telki na mwendo wa ngamia vinaweza kuacha alama zinazofanana. Mnahitaji sikio. Wenye Paso Fino, aina nyingine ya farasi wa telki, wanapitisha farasi juu ya ubao na waamuzi wanasikiliza. Tengenezeni wa mita 12 kwa mita 1.2, mbao za inchi mbili juu ya fremu, upakwe gundi na kunyunyiziwa mchanga asiteleze. Ta-ka-ta-ka iliyo sawa ni telki. Ta-ka, kimya, ta-ka, kimya, hapo miguu miwili inaungana.

#18 Msomi_wa_Jeni
Na simu inamaliza ubishi hata wa sikio. Video ya picha 240 kwa sekunde, simu kwenye kigoda usawa wa goti la farasi, mita kumi kutoka njiani, iangalie ubavu moja kwa moja. Hesabu picha kati ya kutua kwa nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia. Mzunguko mzima ukiwa picha 120, telki sawa ni 30, 30, 30, 30. Ukipata 18, 42, 18, 42, upande mmoja unatua karibu pamoja: anaelekea mwendo wa ngamia. Ukipata 42, 18, 42, 18, anaelekea matiti.

#19 Fundi_Kwato
Hapo mzee Msomi umenipata. Na ukishajua anaelekea wapi, dawa ni tofauti. Wa ngamia mpeleke polepole juu ya miti iliyolazwa chini kwa nafasi zisizolingana, kwenye mchanga wa luseni, mlimani, kichwa kikiwa chini kidogo. Wa matiti mtoe kwenye mchanga, barabara ngumu, anza kwenye hatua za kawaida ukiongeza kasi kidogo kidogo, akiingia matiti rudi chini mara moja. Kumpa wa matiti dawa ya wa ngamia ndiko kunakoharibu wengi huku.

#20 Ngosha_wa_Magu
Kwa hiyo nilisema kweli, ardhi!

#21 Fundi_Kwato
Ardhi kama dawa, ngosha, si kama ugonjwa.

#22 Mzee_wa_Lijamu
Jambo zito zaidi. Viatu vizito na minyororo. Mtu akiona telki imepotea atataka kuirudisha kwa chuma. Chama cha kimataifa cha farasi wa Iceland, FEIF, kinaruhusu vikinga vya miguu vya mpaka gramu 250 kwa mguu mashindanoni, na hata hilo linabishaniwa. Marekani walilazimika kutunga Sheria ya Kulinda Farasi mwaka 1970 kwa sababu watu waliunguza vifundo vya farasi wa Tennessee kwa kemikali na kuwafunga minyororo ili wanyanyue miguu juu. Katiba ya chama chetu iseme wazi: mkaguzi apapase nyuma ya kifundo cha kila mguu wa mbele kwa vidole gumba. Farasi akivuta mguu, au kukiwa na magamba na makovu, hapimwi siku hiyo na mwenye farasi anahojiwa. Hili lisiachwe kwa hiari ya mtu.

#23 Mwanaisha_wa_Unguja
Naunga mkono kwa mikono miwili. Mnyama anayelia kwa miguu hana telki, ana maumivu.

#24 Mtoto_wa_Kirumba
Siku ya maonyesho tukafanyie Nyamhongolo wakati wa Nanenane, watu waone. Na punda wa Simiyu waruhusiwe kushindana!

#25 Mama_Kayenze
Punda waje, nao wanastahili kutunzwa. Umoja wa Afrika mwaka 2024 ulisimamisha biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15, na watu wa huku wanafaa kulijua hilo. Lakini Nanenane ni Agosti, jua na vumbi, ubao wa kusikiliza karibu na vipaza sauti vya mabanda hausikiki. Ukaguzi ufanyike Kayenze, Nyamhongolo iwe maonyesho tu.

#26 Katibu_Mtarajiwa
Na daftari? Liwe wazi au lifungwe?

#27 Msomi_wa_Jeni
Wazi. Chama cha farasi wa Tennessee kilianza 1935 pale Lewisburg, Marekani, kikichukua farasi kwa mwendo na umbo lao, na daftari lilifungwa 1947, yaani baada ya hapo lazima wazazi wote wawili wawe wameandikishwa. Walikuwa na farasi wa kutosha. Sisi tukifunga leo tutazalisha ndugu kwa ndugu.

#28 Mzee_wa_Lijamu
Sikubaliani. Daftari lililo wazi bila mpaka litajaa matiti. Liwe na madaraja: A kwa aliyepimwa pamoja na wazazi waliothibitishwa, B kwa aliyepimwa mwenyewe, C kwa asiyepimwa. Jike wa B akizalishwa na dume wa A, mtoto apimwe akiwa na miaka minne, si mapema, mifupa haijakomaa.

#29 Msomi_wa_Jeni
Miaka minne tupo pamoja. Daraja C liondoke kabisa, asiyepimwa hana cha kuandikiwa.

#30 Daktari_wa_Kanda
C ibaki, jamani. Ugonjwa ukiingia nataka kujua farasi wote wako wapi, wenye telki na wasio nayo. Na chama kisajiliwe kwa Msajili chini ya Sheria ya Vyama, halafu kila farasi awe na namba inayoendana na Sheria ya Utambuzi wa Mifugo ya 2010. Kibali cha kusafirisha kiambatane na kadi ya chanjo, hata kwa safari ya kuvuka daraja tu.

#31 Katibu_Mtarajiwa
Fomu ya ukaguzi naiandika hivi: namba, tarehe, uzito kwa kipimo cha #8, tarehe ya kukatwa kwato na urefu wa ncha nne, aina ya tandiko, alama za mchanga, hesabu ya picha, kidole gumba kwenye vifundo. Nimesahau nini?

#32 Ngosha_wa_Magu
Ardhi anayofanyia kazi kila siku: luseni, mbuga, changarawe au mwamba. Ukiandika kwa mwaka mzima tutajua nani alikuwa sahihi.

#33 Daktari_wa_Kanda
Na chakula, kwa kilo, siyo "majani na pumba". Andika pumba za nini, chokaa gramu ngapi, majani gani. Chupa ya mkojo wa asubuhi ije na kila farasi aliyebadilisha mwendo, iwe kwenye barafu. Mimi bado nasema ni kalisi.

#34 Fundi_Kwato
Na mimi bado nasema kwato. Nikija Kayenze nitakuja na koleo, tupa mbili na rula, wenye farasi walete wanyama wakiwa wamekauka miguu, ukwato uliolowa hausomeki.